Kupanda Bondwa kwa Siku Moja: Ni Nini Kimo Ndani ya Bei?

Safari ya siku moja ya kupanda mlima pamoja na marafiki ni huduma inayouzwa na kununuliwa kama huduma nyingine yoyote, ingawa ni wachache wanaoihesabu hivyo. Mtu akinunua jokofu hudai risiti na dhamana. Akijiunga na safari, hutuma fedha kwenye namba ya simu, huandika jina lake kwenye orodha ya kundi la WhatsApp, kisha husubiri alfajiri ya Jumamosi. Katika somo hili tunaichukua safari ya kupanda kilele cha Bondwa, juu ya mji wa Morogoro, ili tuone mlaji ananunua nini hasa, ananunua kwa nani, na yampasa kuuliza nini kabla fedha haijamtoka mkononi.

Mji wa Morogoro umelala chini ya safu ya milima ya Uluguru, takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Bondwa, penye minara ya mawasiliano, kina urefu unaozidi mita 2,100. Njia hupanda kutoka mjini, ikapita mashamba ya Waluguru ya migomba na mboga yaliyong'ang'ania miteremko, hadi Morningside, penye nyumba ya kale iliyojengwa enzi za utawala wa Wajerumani. Juu ya hapo huanza msitu wa hifadhi ya mazingira asilia, unaosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS. Maji ya milima hiyo huingia mto Ruvu, unaoilisha Dar es Salaam. Hivyo mkazi wa Dar anayekwenda kupanda Bondwa amekwisha kuuonja mlima huo bombani kabla hajauona.

Tutumie tangazo tulilolitunga kwa ajili ya somo hili, ingawa msomaji atatambua kwamba halitofautiani sana na yanayosambaa kwenye simu:

"Panda Bondwa na marafiki! Siku moja tu, kwenda na kurudi Dar. Shilingi 65,000, kila kitu ndani. Tutafika kileleni. Fedha hairudishwi. Tuma kwa namba hii, nafasi ni kumi tu."

Tuanze na maneno "siku moja tu, kwenda na kurudi Dar", kwa kuwa hapo ndipo mlaji anaweza kulipima tangazo kwa kalamu na karatasi. Kutoka mjini hadi kileleni ni mwinuko wa zaidi ya mita 1,600. Mtembeaji wa kawaida, asiye na mazoezi ya mlima, hupanda kati ya mita 300 na 400 za kwenda juu kwa saa moja. Kwa hiyo kupanda peke yake kutachukua saa nne hadi saa tano na ushei. Sasa tuweke ratiba. Gari likiondoka Dar es Salaam saa 11 alfajiri, kilomita zipatazo 190 za barabara, pamoja na msongamano na kituo cha chai Chalinze, zitalifikisha Morogoro mnamo saa 3 asubuhi. Kujiandikisha na kupata vibali kukichukua nusu saa, safari ya miguu inaanza saa 3 na nusu. Wenye mwendo mzuri watafika kileleni saa 7 na nusu mchana. Wenye mwendo wa pole, karibu saa 9. Wakikaa nusu saa juu na kuteremka kwa saa tatu, kundi la kwanza liko mjini saa 11 jioni, na la pili baada ya saa 12 na robo, wakati jua linazama na ndani ya msitu giza limekwisha kutanda.

Katika hesabu hiyo hatujaweka chakula cha mchana, mvua, wala kiatu kilichoachia soli. Wala hatujamweka rafiki mmoja ambaye tangu jana hakulala vizuri. Kundi la watu kumi hutembea kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa, na mwandalizi mwenye uzoefu hulijua jambo hilo. Kwa maoni yetu, tangazo linaloahidi kumtoa mtu asiyezoea milima Dar alfajiri na kumrudisha usiku uleule, akiwa amefika Bondwa, linauza siku isiyo na nafasi ya kosa hata moja. Mlaji anaweza kuuliza swali rahisi: tutalala Morogoro usiku wa kuamkia safari, au tutaishia Morningside? Morningside ni kama nusu ya mwinuko, mandhari yake ni mazuri, na wengi wangerudi wameridhika iwapo wangeambiwa mapema kwamba huko ndiko waendako. Waliolipia kilele ndio wanaorudi na manung'uniko.

Maneno "kila kitu ndani" hayana maana mpaka yafafanuliwe. Watu kumi kwa shilingi 65,000 ni shilingi 650,000. Tuseme gari limekodiwa kwa 300,000, mwongozaji wa njia analipwa 60,000, chakula na maji ni 150,000, na viingilio vya hifadhi ni 60,000. Jumla ni 570,000, inabaki 80,000. Tarakimu hizi tumezitunga ili kuonyesha hesabu inavyokwenda. Si bei elekezi. Mwandalizi akibakiwa na 80,000 hajamdhulumu mtu, kwani faida ni haki ya afanyaye biashara. Tatizo huzuka pale ambapo kiingilio, au mwongozaji, au chakula hakikuwamo tangu mwanzo, na wasafiri wakalijua hilo wakiwa langoni saa 3 asubuhi, mbali na nyumbani, bila chaguo ila kutoa tena. Omba mchanganuo kwa maandishi, hata kwa ujumbe mfupi wa simu. Malipo ya serikali, yakiwemo ya hifadhi, hufanyika kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, na risiti yake unaweza kuiomba uione. Anayekusanya viingilio mkononi njiani bila risiti hiyo anastahili kuulizwa anakusanya kwa niaba ya nani.

Tumefika kwenye swali ambalo urafiki hulifanya liwe gumu: nani muuzaji? Marafiki kumi wanaweza kumteua mmoja wao akusanye michango na kulipia gari. Huyo si mfanyabiashara. Ni mtunza fedha wa wenzake, na mkataba wa gari ni baina ya kundi na mwenye gari. Lakini mtu anayetangaza safari kila mwezi, anayepanga bei na kupokea fedha za watu asiowajua, ni mfanyabiashara, hata akituita sote "familia". Huyo anapaswa kuwa na leseni ya biashara ya utalii, ile ambayo wengi huijua kwa jina la TALA, na anapaswa kutoa risiti ya kielektroniki. Kumdai risiti si kumvunjia heshima. Angalia pia jina linalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha kutuma fedha. Ikiwa tangazo lina jina la kampuni na simu inaonyesha jina la mtu binafsi, simama kwanza na uombe lipa namba ya kampuni hiyo. Utakapokuwa na madai baadaye, jina lililopokea fedha ndilo utakaloanza nalo.

Kuhusu gari tutasema machache, ingawa hatari iliyomo barabarani pengine ni kubwa kuliko ya mlimani. Chombo kinachobeba abiria kwa malipo sharti kiwe na leseni ya LATRA. Gari la mtu binafsi lenye bima ya matumizi binafsi, likikodishwa kubeba abiria, linaweza kuwaacha abiria hao bila fidia ajali ikitokea. Uhalali wa bima unaweza kuhakikiwa kwa namba ya gari kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na kazi hiyo haichukui dakika tano. Dereva aliyeamka saa 9 usiku, akashinda kutwa akiwasubiri juani, kisha akarudisha watu Dar usiku, amechoka kama ninyi. Tangu mwaka 2024 ipo treni ya SGR kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na kwa kundi dogo ni vyema kulinganisha nauli yake na gharama ya kukodi gari.

"Tutafika kileleni" ni ahadi ambayo mwongozaji makini hataitoa. Ukungu wa Uluguru hushuka ghafla, na wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia huwa tope na utelezi. Mwongozaji akiamua kugeuza kundi kwa sababu ya mvua, ametoa huduma mliyomlipa, kwa kuwa mlinunua pia busara yake. Asishinikizwe, na asikatwe ujira wake. Hali ni tofauti ikiwa kundi limegeuzwa njiani kwa sababu gari lilichelewa kuondoka Dar kwa saa mbili likimsubiri abiria wa kumi, au kwa sababu hapakuwa na mwongozaji kabisa. Hapo kilichokosekana kimetokana na muuzaji mwenyewe, na mlaji ana haki ya kudai sehemu ya fedha yake. Tofauti hii ndiyo tunayomsihi msomaji aikumbuke anapoandika lalamiko: eleza kwa nini hamkufika, na saa ngapi kila jambo lilitokea.

Na lile neno "fedha hairudishwi"? Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara, na mikataba inayoandaliwa na upande mmoja ni miongoni mwa mambo yanayoangaliwa na Tume ya Ushindani. Ni halali mwandalizi kukata gharama alizokwisha kuingia pale ambapo msafiri amejitoa mwenyewe usiku wa mwisho. Gari limekwisha kulipiwa. Sentensi hiyo haimpi muuzaji ruhusa ya kubaki na fedha ya safari ambayo yeye mwenyewe ameifuta. Kabla ya kulipa, uliza: nikijitoa siku saba kabla, narudishiwa kiasi gani? Mkiahirisha ninyi, je? Jibu la maandishi litakufaa kuliko maelezo marefu ya mdomo.

Kila msafiri abebe maji yasiyopungua lita mbili, ya chupa yenye alama ya ubora ya TBS au yaliyochemshwa nyumbani. Vijito vya mlimani ni safi kwa macho tu. Abebe tochi hata kama ameambiwa mtarudi mapema. Mwenye pumu, shinikizo la damu au ujauzito amwambie mwongozaji kabla ya kuanza, na mwongozaji asiyeuliza habari hizo aulizwe yeye kwa nini.

Mambo yakiharibika, hifadhi tangazo lenyewe, ujumbe wa muamala na mazungumzo ya kundi kabla hayajafutwa. Mwandikie kwanza muuzaji, ukitaja kiasi unachodai na siku unayotarajia jibu. Asipojibu, lalamiko la tangazo la upotoshaji lipelekwe Tume ya Ushindani, la gari au dereva LATRA, na la risiti TRA. Wasafiri kumi waliolipa safari moja wanaweza kuandika barua moja na kuitia saini wote, na nakala ya mchanganuo wa bei iambatanishwe ukurasa wa kwanza.