Matatizo ya Ulaji: Mtaalamu wa Afya ya Akili Huyatambuaje?

Matatizo ya ulaji ni magonjwa ya akili, si ukaidi wala maringo. Yanayojulikana zaidi ni anoreksia, yaani kujinyima chakula kwa hofu kubwa ya kunenepa, na bulimia, yaani kula kingi kwa pupa kisha kujitapisha au kunywa dawa za kuharisha. Wapo pia wanaokula kupindukia bila kujitapisha, huku wakijawa na aibu.

Je, haya si maradhi ya Wazungu?
Wengi wanaamini hivyo, kwa sababu picha zinazosambaa ni za wasichana wa Ulaya. Hata hivyo, utafiti wa wanawake vijana nchini Tanzania uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta matatizo haya kwa baadhi yao. Wanaume nao huugua.

Mgonjwa lazima awe amekonda?
Hapana. Mwenye bulimia mara nyingi ana uzito wa kawaida, na mtu mnene aliyepungua haraka kwa kujinyima anaweza kuwa hatarini huku majirani wakimpongeza. Mizani peke yake haitoshi.

Nitaulizwa nini?
Wataalamu wengi huanza na maswali matano yaliyochapishwa Uingereza mwaka 1999. Je, huwa unajitapisha kwa kuhisi umeshiba kupita kiasi? Una wasiwasi kwamba huwezi kujizuia unapokula? Umepungua zaidi ya kilo 6 ndani ya miezi 3? Unajiona mnene ilhali wengine wanasema umekonda? Chakula kimetawala maisha yako? Majibu mawili ya “ndiyo” hayathibitishi ugonjwa; yanaonyesha kwamba uchunguzi uendelee.

Baada ya hapo huja mazungumzo marefu zaidi, na hapa ndipo penye kazi yenyewe. Utaulizwa hali ilianza lini, siku ya kawaida unakula nini, unafanya mazoezi kiasi gani, hedhi ikoje, unalalaje, na kama umewahi kufikiria kujidhuru. Swali hilo la mwisho huulizwa ili kukulinda, kwa hiyo lijibu bila woga.

Mimi hufunga Ramadhani. Nitadhaniwa mgonjwa?
La. Anayefunga kwa ibada hufuturu na wenzake, na Idi ikifika hurudi kwenye mlo wake. Mtaalamu huchunguza pale mtu anapokwepa futari, au anapoendeleza njaa kwa sababu ya hofu ya kunenepa. Vivyo hivyo, mjamzito anayekula udongo kama ilivyozoeleka kwao hahesabiwi kuwa na ugonjwa wa akili, ingawa ni vyema apimwe upungufu wa damu.

Kwa nini nipimwe damu na moyo?
Kujitapisha hupunguza potasiamu, madini yanayousaidia moyo kupiga kwa mpangilio. Daktari hupima pia joto la mwili, na presha ukiwa umelala kisha ukiwa umesimama, maana majibu ya damu yanaweza kuwa mazuri hata kwa mgonjwa aliyedhoofika sana. Vipimo husaidia pia kutambua kisukari, kifua kikuu, VVU au ugonjwa wa tezi ya shingo, magonjwa ambayo nayo hukondesha.

Nina haki gani?
Una haki ya kueleweshwa kila kipimo kabla hakijafanywa na ya kuzungumza faraghani. Waweza kuomba upimwe uzito bila kuonyeshwa namba. Siri yako hutunzwa, isipokuwa maisha yako yakiwa hatarini.

Sisi nyumbani tufanye nini?
Familia inayohisi ni uchawi au jini inaweza kuendelea na dua, ila isichelewe hospitali. Msimshindilie chakula kingi ghafla mtu aliyekaa siku nyingi bila kula: madini ya fosfati huweza kushuka katika damu na moyo ukashindwa kufanya kazi. Akizimia, akitapika damu, moyo ukimwenda mbio au akitaja kujiua, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo.