Somo: Jinsi ya Kusoma Maoni ya Wachezaji Kabla ya Kulipia Mchezo wa Simu

Ndugu mlaji, kila mchezo unaopakuliwa kwenye simu huambatana na maoni ya waliokwisha kuucheza: nyota moja hadi tano, na chini yake maneno machache. Maoni hayo ni msaada mkubwa, kwa kuwa muuzaji hawezi kutarajiwa kuitangaza kasoro ya bidhaa yake. Hata hivyo, mengi yameandikwa na watu ambao hali zao hazifanani na zako. Mtu mwenye intaneti isiyo na kikomo nyumbani hutoa nyota tano kwa mchezo ambao, kwa mzazi wa Kilindoni anayenunua kifurushi cha siku, ungekula kifurushi hicho kabla ya adhuhuri. Mtu huyo hasemi uongo. Ila maoni yake yanamfaa mlaji mwenye hali kama yake. Somo hili linaeleza namna ya kuyasoma maoni hayo kwa macho ya mkazi wa Mafia.

Tumechagua mchezo mmoja wa kujifunzia, nao ni The Battle of Polytopia, uliotengenezwa na kampuni ya Midjiwan ya Uswidi na kutolewa mwaka 2016. Hatuuzi mchezo huu wala hatuukatazi. Tumeuchagua kwa sababu ni mchezo wa mkakati wa zamu, wenye njozi nyepesi zisizotisha, unaopakuliwa bila malipo lakini una vitu vya kulipia ndani yake. Mchezaji huchagua kabila, hujenga miji, huvumbua maarifa kama uvuvi na upandaji farasi, kisha hupambana na makabila mengine. Mengi ya makabila hayo ni ya watu wa kawaida. Mengine ni viumbe wa kubuni, kama vile wakazi wa majini na wadudu wakubwa. Kuna namna ya kucheza inayokwisha baada ya zamu 30 na mshindi akapatikana kwa alama, na nyingine inayoendelea hadi libaki kabila moja.

Msomaji asidhani kwamba mkakati wa zamu ni jambo geni lililoletwa na simu. Bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, ni mchezo wa namna hiyo hiyo: mmoja husogeza kete, mwenzake husubiri na kufikiri. Tofauti iliyopo katika suala letu ni moja. Barazani, anayekwambia kwamba fulani ni fundi wa bao ni mtu unayemfahamu, na huenda umemwona akifungwa na huyo fundi mwenyewe. Kwenye duka la programu humjui msemaji, hujui alicheza kwa muda gani, wala hujui kama alicheza kweli.

Zamu zina faida nyingine kwa mlaji wa kisiwani. Katika michezo ya mbio na ya kufyatuliana risasi mtandaoni, simu hupeleka na kupokea taarifa kila nukta ya sekunde, hivyo mtandao ukilegea mchezaji hushindwa hapo hapo. Katika mchezo wa zamu, hatua moja ikishatumwa hakuna cha haraka hadi mpinzani ajibu. Polytopia huweza kuchezwa dhidi ya simu yenyewe bila intaneti kabisa, jambo lenye maana kubwa kwa anayesafiri kwa boti kutoka Nyamisati. Kwa hiyo, unapofungua maoni ya mchezo wowote, tafuta kwanza maneno yanayohusu kucheza bila mtandao. Usiridhike na maelezo ya mtengenezaji peke yake, kwani ipo michezo inayodai kuchezeka bila mtandao lakini hukataa kufunguka mpaka iwe imewasiliana na makao yake. Mchezaji aliyekwama ndiye atakayekwambia.

Tusome sasa maoni manne. Tumeyatunga wenyewe kwa ajili ya somo, kwa kufuata aina za maoni zinazoonekana mara kwa mara chini ya michezo ya namna hii.

La kwanza, nyota tano: "Mchezo bora kabisa, pakueni nyote!" Maoni haya hayana habari ndani yake. Hayataji kabila, zamu, simu wala bei. Yanaweza kuwa ya mtu mwenye furaha ya kweli. Yanaweza pia kuwa yamenunuliwa. Ukikuta mengi ya namna hiyo, yaliyoandikwa siku zilizokaribiana na kwa maneno yanayofanana, yapite.

La pili, nyota tatu: "Nacheza nikiwa safarini bila mtandao. Kasoro ni kwamba makabila manne tu ndiyo ya bure, mengine unalipia moja moja." Hili ndilo lenye thamani kuliko yote manne, ingawa nyota zake ni za wastani. Limekueleza mazingira ya mchezaji, jambo linalofanya kazi, na mahali malipo yanapoanzia. Mchezo huu umekuwa na makabila 12 ya kawaida na manne maalumu. Kwenye simu, manne ya kawaida ndiyo hutolewa bila malipo. Mlaji akilisoma oni hili kabla ya kupakua, hatashangaa mtoto atakapomwomba fedha wiki inayofuata. Kwa kawaida sisi huanzia kwenye nyota tatu tunapochunguza bidhaa, kwa sababu anayetoa nyota tatu amelazimika kupima pande zote mbili.

La tatu, nyota moja: "Cymanti wana nguvu kupita kiasi. Nimefungwa mara sita mfululizo. Mchezo umeharibika." Cymanti ni lile kabila la wadudu, na malalamiko kwamba linawazidi wengine yamekuwa maarufu miongoni mwa wachezaji. Kwa haraka unaweza kuyaona kuwa ni hasira za aliyeshindwa, na huenda ni hivyo. Lakini kuna jambo la mlaji ndani yake: Cymanti ni miongoni mwa makabila ya kulipia. Ikiwa chenye nguvu kuliko vyote kinauzwa, je, fedha hununua ushindi? Hilo ni swali la haki kwa mchezo wowote. Katika Polytopia kabila hununuliwa mara moja na hubaki kuwa la mnunuzi. Katika michezo mingine nguvu huuzwa kidogo kidogo, vito leo na mioyo kesho, na malipo hayana mwisho. Tofauti hiyo huonekana kwenye maoni kuliko kwenye tangazo. Tafuta maneno kama "lazima ulipe ili uendelee" au "nimetumia kiasi hiki na bado".

La nne, nyota mbili: "Tangu masasisho ya mwisho simu inapata moto na mchezo unajifunga." Hapa tazama tarehe. Mchezo wa simu si sufuria, ambayo uliyoinunua ndiyo utakayopikia miaka yote. Mtengenezaji huubadilisha hata baada ya wewe kulipa. Maoni ya miaka mitatu iliyopita huenda yanasifu au kulaani kitu ambacho hakipo tena. Tazama pia kama anayelalamika ametaja simu inayolingana na yako kwa umri na nafasi ya kuhifadhia.

Lipo oni la tano ambalo haliandikwi dukani, nalo ni sifa ya mtu mashuhuri. Polytopia imesifiwa hadharani na tajiri Elon Musk, na habari hizo zimeingia hata katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2023. Ni jambo la kufurahisha kulijua. Halimsaidii kitu mwenye kifurushi cha megabaiti 300.

Tugeukie maoni ya kughushi, kwa kuwa hapo ndipo mlaji anapoibiwa bila kujua. Nchini Marekani, kanuni ya kupiga marufuku ununuzi na uuzaji wa maoni ya uongo ilianza kutumika Oktoba 2024. Hapa kwetu, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inayoisimamia. Ugumu ni kwamba muuzaji wa mchezo mara nyingi yuko mbali na mipaka yetu. Ndiyo maana tahadhari kabla ya malipo ina uzito kuliko malalamiko baada yake.

Hatari iliyo karibu zaidi ni maoni yanayokuelekeza nje ya duka: "Makabila yote bure, bonyeza hapa", au namba ya simu ya mtu anayedai kuuza mchezo uliokwisha kufunguliwa kila kitu. Faili la namna hiyo linaweza kubeba programu ya kusoma ujumbe wako mfupi, na kwenye ujumbe huo ndimo zinamopita taarifa za pesa zako za simu. Katika nyumba ambayo simu moja hutumiwa na mama kupokea malipo ya samaki na watoto kucheza jioni, kabila la bure linaweza kugharimu mauzo ya juma zima. Mtu asikuombe namba ya siri kwa ajili ya mchezo. Ukipokea ujumbe wa kitapeli, utume kwenda 15040.

Kabla simu haijafika mikononi mwa mtoto, ingia kwenye mipangilio ya duka na uweke sharti la kuthibitisha kila ununuzi kwa nywila. Mwaka 2022 kampuni ya Epic Games, wamiliki wa Fortnite, ilikubali kutoa dola milioni 245 za kuwarejeshea wateja nchini Marekani, baada ya kutuhumiwa kupanga vitufe kwa namna iliyowafanya wachezaji, watoto wakiwemo, walipe bila kukusudia. Kama ununuzi wa bahati mbaya umefanyika kwenye Play Store, omba kurejeshewa fedha ndani ya saa 48. Baada ya hapo utaelekezwa kwa mtengenezaji mwenyewe, na njia huwa ndefu. Hifadhi picha ya risiti na ujumbe wa makato. Malalamiko kuhusu salio au kifurushi kilichokatwa yapelekwe kwanza kwa mtoa huduma wako wa simu. Usiporidhika, yapelekwe Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA).

Ukishacheza, nawe andika maoni yako, na uyaandike kwa Kiswahili. Taja simu unayotumia, kama ulicheza bila mtandao, kifurushi kilipungua kwa kiasi gani na malipo yalianzia wapi. Mistari mitatu ya namna hiyo kutoka Kirongwe itamfaa mzazi wa Baleni kuliko kurasa za sifa kutoka Stockholm.

Zoezi. Soma oni hili tulilolitunga: "Nyota nne. Mchezo mtamu, watoto wanaupenda, ila kila baada ya zamu tano linatokea tangazo la video." Simu yako ni ya kifurushi cha siku, na watoto wawili hucheza kila jioni. Ni habari gani ambayo mwandishi huyu hakuitoa, nawe unaihitaji kabla ya kupakua? Utaitafuta kwenye maoni ya nyota ngapi, na ya tarehe zipi?