Somo la Utawala: Amana, Rushwa na Haki ya Raia

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu.

Ama baad. Katika mambo yanayoharibu nchi hapana liharibulo kama rushwa. Njaa huingia katika mji, na mvua ikinyesha watu hupona. Rushwa ikiingia huua imani ya watu kwa wanaowatawala, na imani ikisha kufa haifufuki kwa mvua. Maskini huenda afisini kutaka hati ya shamba alilorithi kwa babake, akaambiwa aje kesho. Kesho huambiwa vivyo hivyo. Siku ya tatu mtu wa mlangoni humnong'oneza kuwa karatasi haitembei bila ya miguu. Akitoa, amenunua kilicho chake. Asipotoa, amenyimwa kilicho chake. Katika hali zote mbili amedhulumiwa, na aliyemdhulumu hulipwa mshahara ili amtumikie.

Somo hili lakhusu dawa ya maradhi hayo: vipi utawala hutengenezwa hata raia mdogo akapata haki yake bila ya kuinunua.

1. Mizani ya kuijua rushwa

Rushwa ni mali au manufaa anayopewa mwenye mamlaka ili aibatilishe haki, au aithibitishe batili, au auze kile ambacho wajibu wake ni kukitoa bure. Jina haligeuzi hukumu. Wako waiitao hadaya, wako waiitao ahsante, na wako waiitao chai. Mzizi wa yote ni mmoja.

Mizani yake ilibainishwa katika zama za Mtume Muhammad (S.A.W.). Mtu mmoja wa kabila la Azd, ajulikanaye kwa jina la Ibn al-Lutbiyya, alitumwa kukusanya zaka za Bani Sulaim. Aliporejea aliigawa mali mafungu mawili: la kwanza akalikabidhi, na la pili akadai kuwa yeye mwenyewe amepewa hadaya. Mtume akapanda juu ya mimbari, akauliza mbele ya watu kama hadaya hiyo ingalimfuata mtu huyo lau angalikaa nyumbani kwa babake au mamake. Basi kila anachopewa mtu kwa ajili ya kiti alichokalia, ambacho asingalipewa lau si kiti hicho, si mali yake.

2. Kuhesabiwa kabla ya kushitakiwa

Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.), aliyetawala toka mwaka 13 hata mwaka 23 wa Hijra (634 hata 644), hakuridhika na kuwaonya maliwali wake kwa maneno tu. Alipompa mtu wilaya aliandika kwanza mali aliyokuwa nayo. Baadaye mali ikionekana imezidi kipimo, mwenyewe aliulizwa imetoka wapi, na baadhi yao waligawanywa mali yao nusu kwa nusu, nusu moja ikarudi katika Baitul-Mal. Tena aliwataka maliwali wahudhurie wakati wa Hija, ili raia waliotoka katika wilaya zao waseme mbele yao yaliyowasibu. Na likija shitaka kubwa, alimtuma Muhammad bin Maslama kwenda kulichungua papo hapo lilipotokea.

Msomaji na azingatie kuwa watu hawa walikuwa Masahaba, wala hapakuwa na watu bora kuliko wao. Ikiwa wao waliandikiwa mali zao na kuulizwa, basi nani baada yao atakayesema kuwa kuulizwa ni kuvunjiwa heshima?

3. Khalifa aliyeanza na nafsi yake

Mwaka 99 wa Hijra (717) ukhalifa ulimfikia Umar bin Abdul-Aziz. Wakati huo mashamba mengi yalikuwa yamekwisha kuingia mikononi mwa jamaa wa ukoo wa kifalme wa Bani Umayya, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Hakuanza na maadui zake. Alianza na nafsi yake, akayarejesha mashamba aliyokuwa nayo ambayo hakuyaonea haki. Kisha akamwendea mkewe, Fatima binti wa Khalifa Abdul-Malik, akamkhiyarisha baina ya vito alivyopewa na babake na kukaa naye yeye. Bibi huyo akachagua mumewe, na vito vikapelekwa Baitul-Mal. Baada ya hapo akawataka jamaa zake nao warejeshe.

Aliwakataza maliwali kufanya biashara katika wilaya wanazozitawala, kwani mwenye amri akiuza, nani atathubutu kumpunja bei? Alikataa hadaya, na alipoambiwa kuwa Mtume alikuwa akizipokea, akajibu kuwa zama zile zilikuwa hadaya, na zama zake yeye zimekuwa rushwa. Alitangaza kuwa mtu atakayekuja na khabari ya dhuluma iliyotendeka atalipwa baina ya dinari 100 na 300, kwa kadiri ya safari yake, ili umbali wa njia usimzuie mnyonge kushitaki. Na liwali wa Khurasan, al-Jarrah bin Abdullah, alipoendelea kuwatoza jizya watu waliokwisha kusilimu, alimwuzulu.

Walakini Khalifa huyo alifariki mwaka 101 (720), baada ya kutawala miaka miwili na miezi michache tu. Akashika Yazid bin Abdul-Malik, na mengi katika yale aliyoyatengeneza yakarudishwa yalivyokuwa.

Hapa ndipo penye funzo zito. Wema wa Umar ulikuwa moyoni mwake, na moyo huzikwa pamoja na mwenyewe. Hapakuwa na baraza wala kanuni yenye nguvu ya kumwambia aliyekuja nyuma yake kuwa hili haliwezi kuondolewa. Basi nchi yahitaji watu wema. Tena yahitaji taratibu ambayo mtu mbaya akija ataikuta imesimama.

4. Mji uliojengea uadilifu nyumba

Mfano wa taratibu ya namna hiyo waonekana katika mji wa Hong Kong, uliokuwa wakati huo chini ya Waingereza. Katika miaka ya 1960 rushwa ilikuwa imeenea mji mzima. Mgonjwa hospitalini alimlipa mtumishi ili aletewe maji ya kunywa. Wazima moto walidai fedha kabla ya kufungua mpira wa maji, na nyumba inaungua. Fedha hizo Wachina wa huko waliziita fedha za chai. Na mtu wa mwambao akisikia hayo hana haja ya kutafsiriwa.

Sheria ya mwaka 1971 ilisema kuwa mtumishi wa serikali akionekana na mali au maisha yanayozidi mshahara wake, ni juu yake kueleza yalivyopatikana, na asipoweza amekwisha kosa. Hii ni ile ile hesabu ya Sayyidna Umar. Walakini sheria bila ya mkono wa kuitenda ni wino tu. Mwaka 1973 mkubwa mmoja wa polisi, Peter Godber, alipatikana kuwa na mali inayopita dola milioni 4 za Hong Kong. Naye, hali yuwachunguzwa, alitoroka akaenda zake Uingereza. Watu wakatoka mabarabarani kudai arejeshwe.

Serikali ikatambua kosa lake: polisi walikuwa wamepewa kazi ya kuwachunguza polisi. Mwezi wa Februari 1974 ikaundwa Tume mbali, haikuwekwa chini ya polisi wala chini ya idara yoyote, bali mkuu wake alimjibu Gavana mwenyewe. Tume hiyo ilipewa kazi tatu: kuchunguza na kukamata, kupitia taratibu za maafisi na kuziba mianya ambamo rushwa hupenya, na kuwafundisha raia. Godber alirejeshwa mwaka 1975, akahukumiwa kifungo cha miaka minne.

Wala njia haikuwa nyepesi. Mwezi wa Oktoba 1977 polisi walifanya ghasia na baadhi yao wakavamia afisi za Tume, hata Gavana akalazimika kusamehe makosa mengi yaliyotendeka kabla ya mwaka huo. Walakini Tume haikuvunjwa, na magavana walibadilika nayo ikabaki.

5. Mafunzo manne

Kwanza, kusafisha huanza juu. Ngazi hufagiliwa toka kidato cha juu. Anayeanza chini hurudi kufagia vumbi lile lile.

Pili, mchunguzi asiwe chini ya mkono wa anayechunguzwa. Paka hapewi ulinzi wa samaki, na paka wawili hawashitakiani.

Tatu, mali ya mtawala iandikwe anapoingia na anapotoka, na yaliyoandikwa yasomwe. Daftari lililofungiwa sandukuni halimwogopeshi mtu.

Nne, taratibu ziwe fupi na bayana. Kila mlango wa ziada una bawabu wake, na kila bawabu ana tumbo. Ada ya kila kazi ikibandikwa ukutani na siku za kungoja zikijulikana, mnong'ono wa mlangoni hukosa la kusema.

6. Wajibu wa raia

Katika nchi za Afrika ya Mashariki sheria hazikukosekana. Tanzania ina sheria ya maadili ya viongozi ya mwaka 1995 inayowataka wataje mali zao, na chombo cha kupambana na rushwa, TAKUKURU, kilisimamishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Kenya iliweka uadilifu wa viongozi katika Katiba yake ya mwaka 2010, na mwaka 2011 ikaunda tume yake. Lililobaki ni kutenda, na kutenda hakuwi kwa serikali peke yake.

Kijana wa mtaa akipata kazi, na baada ya miaka miwili akarudi na majumba ambayo mshahara wake wa miaka ishirini hauyajengi, wazee humkaribisha mbele, wakamwita kijana wetu. Akitoa mabati ya msikiti huombewa dua, wala hapana amwulizaye. Basi watu hao hao wakikaa barazani jioni huwalaani wala rushwa! Mtume (S.A.W.) alimlaani mtoaji pamoja na mpokeaji. Msikiti hauna haja ya bati lililotolewa katika dawa za wagonjwa.

Ama mnyonge aliyezuiliwa haki yake, naye hana njia nyingine ya kuipata wala wa kumshitakia, wanavyuoni wengi wamesema kuwa akitoa ili ajiondolee dhuluma, dhambi ni ya mpokeaji. Walakini ruhusa hii ni ya mwenye dharura, si ya mwenye haraka. Wala si ya mwenye kutaka kupita mbele ya wenziwe waliosimama safuni tangu alfajiri.

Maswali ya kujipima

Je, hadaya aliyopewa mtu mwaka huu ingalimfika lau hakuwa na cheo? Je, katika mji huu raia aliyedhulumiwa amjua wa kumshitakia? Na je, aliye mwema katika watawala wa leo akiondoka kesho, ni lipi katika aliyoyatengeneza litakalobaki?

Swali la tatu ndilo zito, kwani utawala ni amana, na amana hujulikana siku ya kurudishwa.

Wallahu aalam. Wabillahi taufiq.