"Brush Off": Kupuuza Si Kupinga

Wanafunzi wengi wa Kiingereza hudhani kuwa kila kitenzi chenye maana ya kukataa chaweza kushika nafasi ya kingine. Kwa anayesoma sayansi, kosa hilo si dogo.

Maana ya asili ya "brush off" ni kupangusa vumbi katika nguo kwa mkono au kwa brashi. Kutokana na hiyo ikazaliwa maana ya pili: kumpuuza mtu au neno lake, kana kwamba ni vumbi lisilostahili kutazamwa. Husemwa: "The teacher brushed off the question", yaani, mwalimu alilipuuza swali. Jina laweza pia kukaa katikati: "brushed the question off". Lakini kiwakilishi hakina budi kukaa katikati: "brushed it off". Kusema "brushed off it" ni kosa.

Kitenzi "reject" ni tofauti. Chaweza kutumika kwa mtu aliyekwisha kulipima jambo, akaliona halina ukweli. Mwenye ku-"brush off" halipimi.

Tutazame mfano. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari nchini Tanganyika, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Alitia maziwa ya moto katika jokofu, nayo yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu sababu, aliambiwa kuwa amechanganyikiwa. "His question was brushed off." Baadaye, akisoma Mkwawa, Iringa, alimwuliza Denis Osborne, mwanafizikia aliyefundisha Dar es Salaam. Wanafunzi walicheka. Osborne alilifanyia swali hilo majaribio, na mwaka 1969 makala yao wawili ikachapishwa.

Wapo wanaopinga. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wa Uingereza, walitangaza kuwa vipimo vyao havikuonyesha ushahidi wa kuridhisha. Hatuwezi kusema "they brushed it off", maana walipima kwanza, ndipo wakasema. Mpemba alistahili jambo hilo tangu siku ya kwanza: si kukubaliwa, bali kupimwa.

Zoezi: Fasiri kwa Kiingereza. Ni sentensi ipi itakayotumia "brush off", na kwa nini?
(a) Walilijaribu wazo langu mara kumi, kisha wakalikataa.
(b) Niliwaeleza wazo langu, wakalipuuza.