Bei ya Huduma Inapozidi Bajeti

Chukulia mfano wa zahanati iliyomo katika kata ya delta kama Mbuchi au Maparoni. Bajeti ya boti ya kupeleka vifaa ni shilingi 600,000 kwa safari nne. Mtoa huduma anataka 800,000. Kabla ya kumkataa, kamati ya usimamizi wa zahanati imtake achanganue bei: mafuta, nahodha, matengenezo, muda wa kusubiri maji.

Aghalabu ziada hujificha katika kusubiri. Boti ikifika maji yamekupwa hukwama mdomoni mwa kijito hadi yajae, na nahodha hulipwa akiwa ameketi. Ikiwa kusubiri huko ni shilingi 40,000 kwa safari, ratiba inayofuata kujaa kwa maji hushusha bei hadi 640,000. Zinazosalia huweza kupatikana kwa ahadi ya malipo ya haraka, maana hofu ya kucheleweshewa fedha nayo huingizwa katika bei.

Majaketi okozi hayapunguzwi kamwe. Makubaliano ya mdomo nayo hayatoshi: tangu Oktoba 2023 ununuzi wa umma hupitia mfumo wa NeST, na kilichopunguzwa sharti kiandikwe mkatabani. Wajumbe wanaowakilisha wananchi waombe kuuona mchanganuo huo kabla mkataba haujatiwa saini.