Nyumba ya Watu Wote Kando ya Mfereji

Katika nchi ya Uingereza, mbali na barabara kuu za motokaa na njia za gari la moshi, mna njia nyingine ambazo mgeni hazioni upesi. Nazo ni mifereji iliyochimbwa na watu ili mashua zipite. Siku hizi mizigo ipitayo humo ni kidogo sana. Wapitao ni watu wa likizo, ambao hukodi mashua kwa juma moja, hupika na kulala humo, na jioni huifunga karibu na kijiji wakaenda kunywa bia. Mambo hayo yaonekana kuwa ya starehe tu. Lakini nyumba zile za bia hazikujengwa kando ya maji kwa ajili ya starehe, na yeye atakaye kuzielewa yampasa kujua kwanza kazi iliyozileta.

Mwaka wa 1761 ulifunguliwa mfereji wa Duke of Bridgewater, ambao ulichukua makaa ya mawe kutoka machimbo yake ya Worsley mpaka mji wa Manchester, na bei ya makaa mjini ikashuka karibu nusu. Sababu yake ni nyepesi. Farasi aliyekokota gari katika barabara mbovu za zamani hizo alishindwa na mzigo mkubwa, bali farasi yuyo huyo, akitembea ukingoni na kuvuta mashua kwa kamba, aliweza kuvuta tani 25. Matajiri walipoona hivyo wakashindana kuchimba, na katika miaka 70 hivi nchi ikajaa mifereji.

Mojawapo ya mifereji hiyo ni ule utokao mto Thames, karibu na London, kwenda kaskazini kuelekea Birmingham. Katika jimbo la Northamptonshire unapita kijiji kiitwacho Stoke Bruerne. Msafiri atokaye kusini hafiki kijijini bila jasho, maana mfereji unapanda kilima, na maji hayapandi kilima yenyewe. Kwa hiyo wajenzi waliweka malango saba ya maji. Kila lango ni chumba kilichojengwa kwa matofali au mawe, chenye milango mbele na nyuma. Mashua huingia, milango ya nyuma hufungwa, kisha mtu huzungusha kipini cha chuma kufungua tundu ili maji ya juu yaingie chumbani. Mashua huinuka polepole hata iwe sawa na maji ya mbele, ndipo milango ya mbele husukumwa kwa mgongo na miguu. Kazi hiyo hurudiwa mara saba. Mashua zenyewe ni nyembamba ajabu, upana wake futi 7 tu na urefu kufikia futi 70, wala haziruhusiwi kupita mwendo wa maili 4 kwa saa. Mtu mwenye haraka atembeaye ukingoni aweza kuziacha nyuma.

Penye lango la juu kabisa ipo nyumba ya mawe iliyoezekwa kwa nyasi, iitwayo Boat Inn, yaani nyumba ya wageni ya Mashua. Waingereza huita nyumba za namna hii kwa neno lenye maana ya nyumba ya watu wote, na jina hilo yafaa kulikumbuka. Ukoo mmoja uliishika tangu mwaka wa 1877, baba akimrithisha mwana, kwa muda uliozidi miaka mia moja.

Kwa nini nyumba ikawa hapo, si mahali pengine? Mbele ya kijiji, mwendo mfupi tu, mfereji unaingia chini ya kilima cha Blisworth. Njia hiyo ya chini ya ardhi ina urefu wa yadi 3,076, yaani karibu maili moja na robo tatu, nayo ilifunguliwa mwaka wa 1805. Ndani yake hamkujengwa ukingo wa kupita farasi. Basi mashua ilipofika, farasi alifunguliwa akapelekwa juu ya kilima, na watu wawili walilala chali juu ya mbao zilizotokeza ubavuni mwa mashua, mmoja kulia na mmoja kushoto, wakaisukuma kwa kukanyaga kuta kwa miguu, gizani, toka mwanzo hata mwisho. Huko Stoke Bruerne walikuwapo watu ambao hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yao ya kulipwa. Mwaka wa 1871 zililetwa mashua za mvuke za kuvuta nyingine, na watu hao wakakosa kazi.

Hivyo kila mwenye mashua alilazimika kusimama hapo, angoje zamu yake, alishe farasi, anunue mkate, na apate kinywaji. Nyumba ya bia ilikuwa kituo cha kazi kama ilivyo stesheni kwa gari la moshi.

Yako mambo mengine yasiyopendeza sana. Reli ya kutoka London mpaka Birmingham ilipokamilika mwaka wa 1838, bei ya kuchukua mizigo ilishuka, na mapato ya wenye mashua yakapungua pamoja nayo. Wengi waliacha nyumba zao za kupanga wakawaingiza wake na watoto mashuani, wapate kuokoa kodi na mshahara wa kibarua. Chumba cha kulala mashuani hakikuzidi urefu wa futi 10, na humo mlikaa baba, mama, watoto, jiko la makaa na vyombo vyote. Watoto hawakusoma, maana leo wako hapa, kesho wako maili ishirini mbele. Watu wa nchi kavu waliwadharau. Mtu mmoja, George Smith wa Coalville, aliandika na kusema juu ya hali hiyo bila kuchoka, hata Bunge likatunga sheria mwaka wa 1877, mwaka ule ule ambao ukoo tuliotaja ulianza kuishika nyumba ya Stoke Bruerne. Sheria iliagiza kwamba mashua zikaliwazo ziandikishwe, na hesabu ya watu wa kulala ndani iwekewe mpaka.

Sheria ni jambo moja, na mlango ulio wazi ni jingine. Katika karne ya 20, kijijini hapo hapo, muuguzi Mary Ward aliwatibu watu wa mashua nyumbani mwake kando ya maji, akapewa nishani ya Dola mwaka wa 1951. Mtu ambaye vijiji vingine vilimtazama kwa jicho baya, hapa alikuwa na mahali pa kufungwa kidonda na mahali pa kuketi. Kazi ya kuchukua mizigo kwa mashua hizo ilikwisha kwa sehemu kubwa ilipofika mwaka wa 1970.

Mgeni aingiaye leo katika nyumba kama hiyo atakuta desturi ambazo hakuna atakayemwambia, kwa kuwa wenyeji hudhani zajulikana na kila mtu. Asiketi mezani akingoja mtumishi. Ataona kiu mpaka usiku. Huenda mwenyewe penye kaunta, hutaja atakacho, hulipa papo hapo. Hakuna mstari, lakini kila mtu ajua ni nani aliyemtangulia, na kumruka mtu ni utovu wa adabu. Bia hupimwa kwa painti au nusu painti, na ile ya pipa haiwi baridi sana. Mgeni asidhani kwamba amedharauliwa. Waliokuja pamoja hununuliana kwa zamu, na akwepaye zamu yake hukumbukwa. Katika jimbo hilo mna mchezo wa kurusha vipande vya mti vya mviringo ili kuangusha vigingi tisa vilivyosimamishwa juu ya meza ya ngozi. Mgeni akitazama kwa heshima, aghalabu huitwa acheze, na hapo ndipo mazungumzo huanza.

Akumbuke pia kwamba atarudi mashuani usiku, kwa kando ya maji, na kwamba malango yale ni marefu kwenda chini, na kuta zake zateleza. Mwenye busara hufunga mashua vizuri kabla hajanywa, huchukua taa, na haondoki tena mpaka asubuhi.

Asubuhi ndipo huingia chini ya kilima. Leo injini huvuma mahali pa miguu ya watu. Maji hudondoka kutoka matundu ya hewa juu, nahodha huvaa koti, na mbele yake, mbali sana, huonekana nuru ndogo kama senti.