Somo: Mwalimu Naye Aulize

Soma: Luka 2:41–52



Hapa Nalasi mahindi yanapokomaa, nguruwe mwitu huvamia mashamba usiku. Siku moja mtoto wa darasa la nne alisinzia katika kipindi cha hesabu. Nikamchapa mbele ya wenzake. Jioni bibi yake alinishukuru kwa kumfundisha mjukuu wake, kisha akasema kwamba mtoto huyo ndiye alindaye shamba usiku, maana babu ni mgonjwa. Nilikosa la kujibu.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo 1977. Kuwaandikisha watoto ni kazi moja. Kuwajua ni nyingine.

Yesu alipobaki hekaluni akiwa na miaka 12, Mariamu alimtafuta kwa uchungu. Alipomwona, alimwuliza kwanza sababu.

Kesho yake nilimwomba mtoto yule radhi mbele ya darasa lile lile.

Maswali ya kujadiliana:
1. Je, nyumbani tunauliza kabla ya kuadhibu?
2. Nani kati yetu atalinda shamba la mgonjwa, ili mtoto alale?